Itifaki iliyosahau tanzi

Biblia ya Muungano niliyoinunua mwaka jana kwa shilingi 45,000, yenye maandishi makubwa, jalada la zipu na itifaki mwishoni, yaani orodha ya maneno na mistari yanamopatikana, nimeitumia miezi kadhaa kuandaa ibada za nyumba kwa nyumba, na kwa upande wa karatasi na wino sina la kulalamikia. Lalamiko langu ni juu ya itifaki, nalo lilianza nilipopangiwa kufundisha habari za mitego.

Chini ya neno "mtego" nilikuta mistari minne tu: mtego wa mwindaji katika Zaburi 91:3, kuwaogopa wanadamu katika Mithali 29:25, tamaa ya utajiri katika 1 Timotheo 6:9 na mtego wa Ibilisi katika 2 Timotheo 2:26. Amosi 3:5, ambapo nabii anauliza kama mtego waweza kufyuka bila kunasa kitu, haimo, wala Mithali 1:17, isemayo kwamba ni kazi bure kumtegea ndege huku akitazama. Yaonekana mwandaaji aliona mitego ya ndege hasa haimhusu mhubiri. "Tanzi" halikupewa hata mstari mmoja, ingawa Ayubu 18:8-10 peke yake hutumia maneno sita ya Kiebrania kwa vifaa vya kunasia, na tanzi limo katika tafsiri yetu.

Mimi nilikulia kijijini, na kanga tulikuwa tukiwatega wenyewe. Ufito ulipindwa, kamba ya mkonge ikafungwa tanzi, na kijiti kisichozidi kidole kikazuia vyote visifyuke, kisha punje za mahindi zikamwagwa katikati. Kanga haoni ufito wala kamba, anaona mahindi. Aliyewahi kulitazama jambo hilo kwa karibu anaisoma kwa jicho jingine Zaburi 69:22, ambapo meza ya adui inaombewa iwe mtego, kwa kuwa mezani ndipo penye mahindi. Paulo ameunukuu mstari huo katika Warumi 11:9, na humo limo neno la Kigiriki skandalon, ambalo asili yake ni mtego na kijiti chake. Kwa Kiswahili limekuwa kitu cha kukwaza, nasi tunawaza jiwe njiani. Ndilo neno Yesu alilomwambia Petro katika Mathayo 16:23, lakini itifaki hii haimwelekezi msomaji kutoka "kikwazo" hadi "mtego".

Kwa anayetaka Biblia ya kusomea kanisani, hasa mwenye macho yaliyochoka kama yangu, bei hiyo ni halali. Mwalimu atafute itifaki kamili, iliyochapwa kama kitabu cha peke yake. Yangu nimeijaza kwa penseli: Yoshua 23:13, Zaburi 140:5, Zaburi 124:7, na pambizo ikaniishia kabla sijafika Luka.