Cheti cha SSL kwa tovuti ya biashara Kigoma: anza na cha bure

Unauza dagaa wa Kibirizi, mawese au asali ya Kibondo kupitia tovuti. Mteja wa Dar akiifungua na Chrome ikamwambia si salama, hata bei hatauliza. Tangu Julai 2018 Chrome inatoa onyo hilo kwa kila tovuti isiyotumia HTTPS, njia ya kusimba data (kuigeuza fumbo ikiwa njiani) inayohitaji cheti cha SSL, kwa hiyo cheti ni lazima. Kukinunua ndiko kunakohitaji kufikiriwa, na hapo wengi wanapigwa. Cheti cha bure na cha bei mbaya vyote vinasimba data kwa nguvu ileile. Hela ya ziada inalipia kazi ya kuchunguza wewe ni nani.

Ningevipanga hivi.

Cha kwanza ni cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, kupitia kampuni inayokuhifadhia tovuti. Ni bure, kinadumu siku 90, na seva (kompyuta inayobeba tovuti yako) iliyowekwa vizuri inakihuisha bila fundi kuguswa. Kabla ya kulipia hifadhi ya tovuti uliza swali moja: cheti cha bure kipo, na kinajihuisha chenyewe? Wakianza kuzunguka, tafuta kampuni nyingine. Kujihuisha ndilo jambo kubwa kuliko jina la mtoaji, maana cheti kikiisha Jumamosi usiku na fundi wako yuko safarini Uvinza, wateja wanakutana na ukurasa wa onyo hadi arudi. Na muda unazidi kufupishwa: kuanzia 15 Machi 2026 hakuna cheti kipya cha kuzidi siku 200, mwaka 2027 ukomo unakuwa siku 100, na 2029 siku 47. Anayekuuzia cheti cha miaka mitatu anachukua malipo ya mbele tu. Kitabadilishwa njiani mara kadhaa.

Cheti cha Let's Encrypt kina kasoro moja, na kwa huku kwetu si ndogo. Simu za Android 7.0 kushuka chini hazikitambui tena tangu 2024, na zitatoa onyo hata kama kila kitu kiko sawa. Azima simu ya zamani pale Mwanga, fungua tovuti yako, uone. Hakikisha tu tarehe ya simu hiyo ni sahihi, kwa sababu tarehe mbovu nayo huleta onyo lilelile.

Cha pili ni cha Cloudflare, kampuni inayosimama kati ya mteja na seva yako, mpango wa bure. Unahamishia kwao rekodi za DNS, yaani zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, wanakupa cheti, na picha zako zinafunguka haraka zaidi kwa mteja aliye mbali. Kuwa macho na mpangilio uitwao Flexible: mteja anaona HTTPS, kumbe kipande cha kutoka Cloudflare hadi seva yako kiko wazi. Chagua Full strict, ambao unahitaji cheti kwenye seva pia.

Cha tatu ni cheti cha kulipia cha kiwango cha chini, yaani DV, ambacho mtoaji anahakikisha tu kwamba jina la tovuti liko mikononi mwako. Ni dola chache kwa mwaka. Kinafaa kama wateja wako wengi wana simu za zamani na muuzaji amekuonyesha kwamba zinakikubali. Ufunguo wa siri, faili linaloambatana na cheti na linalopaswa kubaki kwenye seva yako, usikubali utumwe WhatsApp, hata na fundi unayemwamini.

OV, daraja la cheti lililo juu ya DV, inafuata. Hapo wanakagua usajili wa biashara, kwa hiyo karatasi zako za BRELA ziwe sawasawa. Inunue pale tu benki au mteja mkubwa anapoidai kwa maandishi. EV, daraja la juu kabisa, naiweka mkiani. Zamani ilionyesha jina la kampuni kwenye mstari wa anwani, lakini Chrome na Firefox zililiondoa hapo mwaka 2019. Mteja wako hataona tofauti yoyote asipobonyeza kutafuta.

Mihuri ya uaminifu je? Picha ya kufuli yenye maneno ya kutia moyo haisimbi chochote, na tapeli anaweza kuinakili sasa hivi. Muhuri wa kweli ukiubonyeza unakupeleka kwenye tovuti ya aliyeutoa, ukionyesha jina lako na hali ya cheti. Mwingine unapakia programu kutoka mbali na kuchelewesha ukurasa kwa mtu wa Kasulu anayehesabu MB. Ukija bure pamoja na cheti, weka mmoja. Usiulipie peke yake.

Cheti pia hakikuondolei wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ikiwa fomu yako inakusanya majina na namba za simu. Omba zile unazohitaji kupeleka mzigo, basi.

Kwa imani ya mnunuzi, weka mahali ulipo, namba inayopokelewa, na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina lilelile la tovuti. Jina hilo linatokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri, na likiwa tofauti ataghairi hapohapo.