Paa la kanisa la kale Uingereza: risasi au chuma kisichoshika kutu?

Makanisa mengi ya parokia yaliyoinuliwa kuta karne ya 15 yana paa karibu bapa, lisilofaa vigae, hivyo yaliezekwa risasi (metali, si ya bunduki). Wezi wakishaibandua, ubishi huanza.

Kwa umri, risasi ina ushahidi wa karne nzima na zaidi, na ikichoka huyeyushwa na kusubiwa upya. Lakini haisamehi fundi mvivu. Hutanuka sana juani; bamba lake likiwa refu kupita kiasi, au likipigiliwa misumari kila upande, hukunjamana kisha hupasuka. Chini yake lazima hewa ipite, kwa kawaida nafasi ya milimita 50, la sivyo unyevu huila kwa ndani na kuacha unga mweupe. Unene wa milimita 3.55 una takriban kilo 40 kwa mita ya mraba.

Chuma kisichoshika kutu, kilichopakwa utando wa bati, cha milimita 0.5, ni kama kilo 4 tu. Makombamoyo (miti inayobeba paa) yaliyochoka hupumua, gharama hupungua, na mwizi hapati cha maana kuuza. Ila mvua hupiga kelele, mikunjo ya maungio huonekana, na hewa chini yake inahitajika vilevile.

Kanisa liko peke yake mashambani na limeshaibiwa? Chuma kina hoja nzito. Liko katikati ya nyumba, paa linaonekana, kuna king'ora? Risasi. Vyovyote vile, katika Kanisa la Anglikana kibali cha mahakama ya dayosisi hutangulia fundi.