Ukienda kununua waya wa dishi, beba sumaku

Mzee wangu hajawahi kukosa mechi ya Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, kwa hiari yake. Agosti 2025, usiku wa Uganda na South Africa kwenye CHAN, nyumba nzima tulihamia chumbani kwake na mikeka yetu. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ilikuwa imebaki yuniti chache, akaagiza televisheni na dikoda za sebuleni na za chumba cha vijana zizimwe kabisa, mpaka kwenye soketi. Vijana wakaenda kuzima. Hawajarudi kukaa, kioo kimeingia giza na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Uganda ilikuwa nyuma 3–1. Zile penalti mbili za mwisho zilizoleta 3–3 tulizisikia kwa kelele za majirani, na Mzee alikuwa ameshawasha redio yake, ameiweka sikioni, bila kututazama.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi minane fundi alikuja mara nne. Alibadilisha LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi), akageuza dishi, akabadilisha dikoda ya Mzee na ya sebuleni, akakata konekta na kuweka mpya. Kila alipokuja picha ilikuwa safi, kwa sababu kila alipokuja ilikuwa mchana, na televisheni ya sebuleni inawaka. Asubuhi baada ya mechi ndipo niligundua mwenyewe: washa dikoda ya sebuleni, picha ya Mzee inarudi. Izime kwenye soketi, inaondoka. Nilirudia mara tatu na Mzee akiwa mlangoni ananiangalia.

Kosa lilikuwa waya, na waya niliununua mimi.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa nyumba kama yetu hapa Bombo: dishi moja, vyumba vitatu au vinne, kila chumba na dikoda yake. Kifurushi gani ni nafuu na dikoda ya nani ina chaneli nzuri sitagusa, matangazo ya hayo yako kila mahali. Ukubwa wa dishi fundi yeyote anaujua. Mimi nataka kusema jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia.

Wengi tunadhani kazi ya waya wa dishi ni kuteremsha picha. Hiyo ni nusu. Waya huohuo unapandisha umeme kwenda kwenye LNB. Dikoda ikipeleka volti 13, LNB inaleta chaneli za wima, yaani zinazorushwa kwa mawimbi yaliyosimama. Ikipeleka volti 18, inaleta za mlalo, za mawimbi yaliyolala. Unapobonyeza rimoti ukiwa kitandani, huko juu ya bati volti zinapanda na kushuka.

Sasa mawimbi ya picha, ambayo ndani ya waya huu yako kati ya megahezi 950 na 2150, hutembea kwenye ngozi ya waya wa katikati tu. Ndiyo maana viwanda vingine huchukua uzi wa chuma, vikaupaka shaba nyembamba juu, na picha ikapita vizuri. Muuzaji akikuambia picha inapita, hakudanganyi. Lakini umeme wa LNB haupiti kwenye ngozi peke yake, unapita mwili mzima, na mwili wenyewe ni chuma. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme huo kwa takriban moja ya tano ya shaba tupu ya unene uleule.

Dishi letu liko mwisho wa nyumba upande wa barabara, na chumba cha Mzee kiko mwisho mwingine: mita 38 za waya. LNB yetu ina matundu manne, na inavuta umeme kutoka kwa dikoda zote zilizowashwa, zinasaidiana mzigo. Zikizimwa mbili, mzigo wote unaangukia waya wa Mzee. Zile volti 18 zinatoka chumbani zikiwa nzima, zikifika kwenye LNB zimebaki 15 na kidogo, na hapo LNB haijui imeambiwa 13 au 18. Chaneli za mlalo zote zinapotea, za wima zinabaki. Ukiona nusu ya chaneli zimeondoka na nusu ziko safi, usianze kugeuza dishi. Shuku waya.

Kupima ni rahisi kama una multimita, ile mita ya mafundi ya kupimia umeme. Chomoa waya kwenye dikoda na kwenye LNB, pande zote mbili. Upande mmoja gusanisha waya wa katikati na wavu wa nje, upande wa pili soma omu. Ule wa Mzee ulisoma omu 13. Mpya niliouweka, urefu uleule, ulisoma 1.4. Nilimwonyesha fundi namba hizo mbili, akaketi juu ya ngazi yake akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwonyeshe tena jinsi ya kupima.

Dukani huwezi kupima hivyo, ndiyo maana nasema beba sumaku. Yangu niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mwombe muuzaji akate kipande cha kidole kimoja, menya plastiki na povu jeupe mpaka uone uzi wa katikati unaong'aa, kisha usogeze sumaku. Ukinasa, ni chuma. Usiponasa bado usilipe, maana alumini nayo hupakwa shaba na sumaku haiishiki: kwaruza uzi kwa kisu, ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Mwisho ukunje kwa vidole. Shaba ya milimita moja hukaa ulivyoikunja, chuma hurudi kama springi. Haya yote hayamalizi dakika mbili.

Sasa mpangilio wangu wa waya na njia za kuufunga, kuanzia bora.

Wa kwanza, na simfichi mtu kwamba naupenda, ni waya uitwao WF100 wa kampuni ya Webro, ukiwa na LNB ya matundu manne na kila chumba kivutiwe waya wake moja kwa moja kutoka kwenye dishi, bila kuunga njiani. Uzi wa katikati ni shaba tupu ya milimita moja. Wavu wa nje ni shaba, na karatasi inayozunguka povu ni shaba pia, wakati waya nyingi huweka alumini hapo. Umeme unaokwenda kwa uzi wa katikati unarudi kwa wavu, kwa hiyo wavu mwembamba wenye nyuzi kumi za alumini unakuibia volti hata kama uzi wa kati ni mzuri. Ukiumenya WF100 unaona wekundu kuanzia ndani hadi nje. Rola yangu ililetwa na shemeji kutoka Uingereza ndani ya sanduku lake la nguo, na sijaukuta kwenye duka lolote la Kampala nililoingia. Kama una ndugu anayekuja likizo, muagize huo kabla ya viatu.

Neno moja kuhusu LNB ya kuendana nao. Kuna iitwayo Quad na kuna iitwayo Quattro, zote zina matundu manne, na maduka mengine yanaziweka kwenye boksi moja. Kwa nyumba yetu ni Quad: kila tundu linajitegemea, kila dikoda inachagua chaneli yake. Quattro ni ya majengo makubwa, kila tundu linatoa sehemu moja tu ya chaneli na lazima ipite kwenye multiswichi, kifaa cha kugawia dikoda nyingi. Soma herufi zilizochapwa kwenye LNB yenyewe. Boksi usiliamini.

Wa pili ni RG6, aina ya kawaida ya waya wa dishi, yoyote iliyopita sumaku, kisu na kukunjwa, hata kama jina lake hulijui. Kampala zipo, ila unazitafuta. Mimi niliingia maduka sita upande wa Ben Kiwanuka Street kabla ya kupata moja, nikalipa shilingi 2,500 kwa mita, wakati ule wa chuma ulikuwa 1,000. Kwa chumba kilicho mita kumi kutoka kwenye dishi, nakiri, hata wa chuma utafanya kazi bila kulalamika. Tofauti inaanza kuuma waya ukirefuka. Kwa hiyo kama pesa haitoshi kwa nyumba nzima, shaba ipeleke chumba cha mbali zaidi.

Wa tatu ni mpango wa LNB smati, ambayo waya wake mmoja unalisha vipokezi kadhaa vya ndani ya dikoda (tyuna). Ni mzuri kwa dikoda za kurekodi kama Explora, na kwa nyumba ambayo tayari imepigwa plasta na hutaki kutoboa tena. Ninaushusha mpaka hapa kwa sababu waya mmoja ukiguswa na panya kwenye dari, kila chumba kinalia. Na wanaounganisha dikoda mbili kwa XtraView, mpango wa DStv, wakumbuke kwamba dikoda ya pili inataka waya mwingine kati yake na dikoda kuu. Wapange wakati wa kupitisha paipu. Fundi akishaziba ukuta utalipa mara ya pili.

Wa nne ni kuchukua HDMI ya dikoda moja na kuisambaza vyumbani kwa kebo ya Cat6, ile ya mtandao wa kompyuta. Picha ni safi, lakini nyumba nzima inatazama chaneli moja, na kwetu kati ya Mzee na vijana hilo haliwezekani. Ugonjwa uleule uko huku pia: Cat6 nyingi madukani ni alumini iliyopakwa shaba. Kisu chako kitakuambia.

Zile spliti za shilingi elfu tano za kugawa waya mmoja wa LNB ya kawaida kwa dikoda mbili, ziache. Dikoda moja ikitaka 13 na nyingine 18, mmoja wenu hatazami.

Kabla sijasahau konekta. Kwetu hapa setilaiti ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, maana sisi wenyewe tuko kwenye nyuzi 32 na nusu. Dishi linalala chali kama beseni, na konekta ziko juani na mvuani mchana kutwa. Dishi la setilaiti ya nyuzi 7, kama la Azam, limesimama zaidi na kidogo lina nafuu. Maji yakiingia kwenye konekta yanatambaa ndani ya wavu mita nyingi, na waya mzuri unageuka mbaya kwa msimu mmoja wa mvua. Nunua konekta za kubanwa kwa koleo lake, zile za kusokota kwa mkono zinalegea. Zizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kabla waya haujaingia ndani ya nyumba uache uning'inie chini kidogo ili tone lidondoke hapo. Nilipofungua konekta ya zamani ya Mzee, uzi wa katikati ulikuwa na kutu nyekundu. Shaba haioti kutu ya namna hiyo. Hata bila sumaku ningejua.

Kuhusu bei sina la kutuliza. Hakuna anayekataza kuuza waya wa chuma, uuzwe kwa jina lake na bei yake, watu wenye chumba kimoja watanunua. Kinachonichoma ni kwamba rola yangu ya kwanza iliandikwa shaba asilimia mia, na bado niliilipia kama shaba. Kisha kuna namba za mita zinazochapwa kwenye ngozi ya waya, mita 1, mita 2, mita 3. Nilizipima kwa futi ya fundi cherehani: kutoka namba hadi namba ni sentimita 92. Rola ya mita 100 ilikuwa mita 92. Mama anayejenga nyumba yake kwa pesa za chama analipia mita nane za hewa, halafu analipa fundi mara nne kutafuta ugonjwa uliotoka dukani. Fundi simlaumu tena. Anafunga anachopewa, na wateja tunamkaripia akitaja waya wa bei ya juu. Mimi mwenyewe nilimkaripia.

Nilirudi kwenye duka lile na kipande cha waya mkononi na sumaku kwenye mkoba.

"Kaka, ulinambia hii ni shaba."

"Ni shaba, mama. Angalia rangi."

Nikaweka sumaku kwenye uzi, nikainua mkono, uzi ukaning'inia mbele yake. Akautazama, akasema, "Shaba ya siku hizi ndiyo hiyo, zote zinakuja hivyo." Nikamuuliza kama atanirudishia pesa. Akasema waya ukishakatwa haurudi. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa ameshika rola ileile, ameshatoa pesa mfukoni. Nikamwachia sumaku.

Kwa Mzee waya mpya umeshaingia. Usiku wa kwanza nilizima sebule na chumba cha vijana mpaka kwenye soketi, nikaenda kukaa naye, tukapitia chaneli moja baada ya nyingine, za wima na za mlalo, hadi ya mwisho. Rola ilibaki na mita 11. Nimezifunga vizuri na kuzitundika stoo, na Mzee ameshaniambia ni za chumba cha wageni, AFCON ya 2027 ikija Uganda.