Midazolamu ya sindano kwa mgonjwa wa figo: inafaa wapi, inaponza wapi

Ukiingia chumba cha kamera ya tumbo au cha upasuaji mdogo hapa Mombasa, aghalabu utaikuta midazolamu, dawa ya kutuliza na kulaza, kwenye trei. Sifa zake ni za kweli: inashika ndani ya dakika mbili hadi tano, inaondoa hofu, na mgonjwa hakumbuki bomba lilivyopita kooni. Tathmini hii inamhusu mtu mmoja tu, yule ambaye figo zake zimefeli, hasa aliye kwenye dayalisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine.

Kwa mtu mwenye afya, asilimia 97 hivi ya midazolamu hushikwa na albumini, protini iliyo ndani ya damu. Ile kidogo inayobaki huru ndiyo inayofika kwenye ubongo. Mgonjwa wa figo mara nyingi albumini yake iko chini, na taka zilizorundikana kwenye damu zinagombea nafasi kwenye hiyo iliyopo. Ile asilimia 3 iliyo huru ikipanda kuwa 6, kipimo kilekile kinampiga kama maradufu tangu sindano ya kwanza.

Kisha ini huivunja dawa na kuliandaa zao lake litoke kwa mkojo. Figo zisipotoa, zao hilo linajaa, nalo bado linalaza, japo kwa nguvu ndogo. Sindano moja ya miligramu 1 au 2 haiachi mabaki ya kutisha. Dripu ya siku mbili ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) inaacha: inafungwa, na mgonjwa anaendelea kulala kwa siku kadhaa, huku watu wakimkimbiza kwenye CT, picha ya kichwa, kutafuta kiharusi ambacho hakipo. Kwa kazi ya nusu saa tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa dripu, moja.

Kasoro nyingine iko kwenye kichupa chenyewe. Kimoja kina miligramu 5 ndani ya mililita 5, kingine 15 ndani ya mililita 3. Mililita moja ya cha kwanza ni miligramu 1, ya cha pili ni 5, na kwenye mwanga hafifu wa chumba cha kamera vichupa hivyo ni rahisi kuchanganywa. Chumba kibaki na kile chepesi peke yake, na sirinji iandikwe jina la dawa na nguvu yake kabla haijawekwa chini.

Kwa mgonjwa wa figo, anza na nusu miligramu hadi 1. Sukuma polepole kwa dakika mbili, kisha subiri dakika tatu nzima ukiangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Wengi huharibu hapa: wanaona mgonjwa bado anaongea, wanaongeza, halafu vipimo vyote viwili vinamkuta kwa pamoja na pumzi inakata. Oksijeni iwe puani tangu mwanzo. Mkono wenye fistula (mshipa uliounganishwa kwa ajili ya dayalisisi) usiguswe, si kwa kanula wala kwa mashine ya presha. Siku nzuri ni ile inayofuata dayalisisi: maji na potasiamu vimekaa sawa, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, imeisha, na presha haijawa chini kama anapotoka tu kwenye mashine.

Flumazenili, dawa inayozima nguvu ya midazolamu, iwe karibu: miligramu 0.2, ikirudiwa kila dakika hadi jumla ya 1. Ila nguvu yake huisha kwa saa moja hivi, na usingizi unaweza kurudi. Aliyepewa akaguliwe saa mbili zaidi kabla ya kuruhusiwa.

Dawa mbadala? Mabaki ya propofoli hayalazi, lakini inashusha presha na pumzi, hivyo inataka mtaalamu wa ganzi chumbani. Mabaki ya lorazepamu nayo hayalazi, ila inachelewa kushika na sindano yake hukaa kwenye friji, jambo la kufikiria kwa joto la huku na umeme unaokatika. Diazepamu hatuipendekezi: zao lake linakaa siku kadhaa hata kwa mwenye figo nzima. Maumivu yakihitaji dawa, fentanili kidogo ni bora kuliko mofini au pethidini. Mabaki ya mofini hulaza na kukata pumzi, ya pethidini huleta degedege, na yote mawili hungoja figo ziyatoe.

Ndugu wa mgonjwa naye ana kazi. Mzee asivuke feri ya Likoni peke yake siku hiyo, wala asipandishwe tuktuk na kuachwa. Na mwambieni daktari dawa zote anazomeza nyumbani. Piriton ya kuwashwa ngozi inalaza. Gabapentini ya miguu inayochoma hutolewa na figo karibu yote, kwa hiyo huenda tayari imejaa mwilini kabla sindano haijachomwa. Usiku huo Piriton isitolewe, na gabapentini isimezwe mpaka daktari aseme. Alazwe ubavu, na mtu alale chumba kimoja naye.