Laptopu ya nyumbani kwa laki saba: ya boksi nimeiweka mwisho

Mwaka juzi nilimnunulia dada yangu laptopu mpya kabisa, ya boksi, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa kwenye kioo. Muuzaji akatuongezea na begi. Haikupita miezi minne akanipigia: "Kaka, hii mashine inasema imejaa, na mimi hata picha sijaweka." Kweli ilikuwa imejaa. Hifadhi yake ilikuwa GB 64, ya aina ya eMMC, imechomelewa kwenye bodi, haitoki wala haiongezwi. Windows ilikuwa imeshakula sehemu kubwa, na kila sasisho lililokuja lilitafuta nafasi ya kukaa. RAM nayo, ile kumbukumbu inayobeba kazi zilizofunguliwa, ilikuwa GB 4. Ukifungua Chrome na Word kwa pamoja, unaweza kwenda kubandika chai na kurudi.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia jambo moja: kwa hela ya kawaida, nunua laptopu ya ofisi iliyotumika. Hapa nachukulia mkononi una laki sita hadi nane, na kazi zako ni za nyumbani: Word na Excel, YouTube, mikutano ya Zoom, mtoto kusoma, kuomba mkopo wa chuo, kutuma maombi ya kazi. Kama unahariri video au unacheza magemu makubwa, mwongozo huu si wako.

Namba moja: mtumba wa ofisi, kizazi cha nane

Majina ya kushika ni matatu: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Zote za mwaka 2018, zote inchi 14. Ziliundwa kwa ajili ya wafanyakazi wa makampuni. Makampuni ya Ulaya na Marekani yakishazitumia miaka michache huziuza kwa jumla, nyingi zinapitia Dubai, na ndizo unazoziona zimepangwa kwa safu Kariakoo.

Kizazi ni cha prosesa, ubongo wa mashine, unaotengenezwa na Intel. Kwa nini cha nane? Kwanza, hapo ndipo Intel ilipoongeza nguvu kwa kweli: i5-7200U ina koa mbili, yaani viini viwili vya kufanyia kazi, i5-8250U ina nne. Pili, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha ya prosesa za Intel ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno za kabla yake. Kukijua kizazi ni rahisi. Angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-8350U ni ya nane, i5-7300U ni ya saba. Usitosheke na jina lililoandikwa kwenye mfuniko, maana T480 nyingine zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba.

Katika hizo tatu mimi nachukua T480, na sababu ni umeme wetu. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka kwa kusukuma vishikizo viwili. Ya nyuma ikiisha unaitoa na kuweka nyingine, mashine haizimi, kazi inaendelea. Ikichoka kabisa unanunua nyingine na kuibadilisha mwenyewe, bila fundi. RAM ina nafasi mbili, kwa hiyo ukianza na GB 8 utaongeza utakapopata. Jihadhari na T480s. Hiyo herufi ya mwisho inabadilisha mambo: ni nyembamba, inapendeza, lakini betri ya kuchomoa haina na sehemu ya RAM imechomelewa.

840 G5 ni ya anayetaka umbo zuri la alumini na kioo kinachopendeza macho. Latitude ni ngumu, haina mbwembwe. Hizi mbili betri iko ndani, mpaka bisibisi. Yoyote utakayochukua, kioo kiwe 1920 kwa 1080. T480 zenye kioo cha 1366 kwa 768 zimejaa sokoni, na wauzaji hawalisemi hilo mpaka uulize.

Namba mbili: kizazi cha sita na cha saba

EliteBook 840 G3, ThinkPad T470 na ndugu zao. Bei iko chini, na ukiwa na SSD, yaani hifadhi ya kasi, na RAM GB 8 kazi za nyumbani zinakwenda vizuri tu. Tatizo ni Windows 11. Fundi atakupigia kwa njia za panya na itawaka, ila Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kuja. Kama uko tayari kujifunza Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, hapa umepata mali.

Namba tatu: Chromebook iliyotumika

Ni laptopu inayotumia ChromeOS, mfumo wa Google, badala ya Windows. Nyepesi, inawaka haraka, mtoto wa shule inamtosha. Lakini bila bando inabaki nusu mashine, na kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho ya masasisho. Fungua mipangilio, nenda sehemu inayoeleza habari za ChromeOS, tarehe utaiona hapo. Nyingi zilikuwa za shule za nje. Ikikudai akaunti ya shule baada ya kufutwa, rudisha palepale.

Namba nne: MacBook Air ya 2015 hadi 2017

Nzuri kuiweka mezani. RAM haiongezwi, na hata ya 2017 inaishia macOS Monterey, mfumo wa Apple wa mwaka 2021. Basi.

Ya mwisho ni ile ya boksi yenye prosesa dhaifu, Celeron N4020 au jamii yake, RAM GB 4, hifadhi eMMC. Mpya yenye RAM GB 8 na SSD ni habari nyingine, lakini hiyo kwa laki saba utaitafuta sana.

Ukifika dukani

Winga, dalali wa maduka, atakupokea barabarani na kukuambia anayo yote unayotaka. Mfuate ukipenda, ila usilipe kabla ya kuikagua mashine kwa mkono wako. Mara ya mwisho nilipokwenda nilikaa na T480 kama dakika ishirini, kijana akawa anaangalia saa. Nilifungua dirisha la amri (Command Prompt) nikaandika powercfg /batteryreport. Inatoa ripoti yenye namba mbili kwa kila betri: uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ya ndani ilikuwa imetoka na kama 24,000 (kipimo ni mWh), imebaki 17,000, yaani asilimia 70 hivi. Nikaikubali. Ya nyuma ilikuwa imebaki 6,000. "Hiyo bosi ukiichaji sana inarudi," kijana akasema. Betri hairudi. Akaenda stoo akaleta nyingine.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ingia sehemu ya Performance, hapo utaona prosesa, RAM, na kama hifadhi ni SSD au HDD, ile diski ya zamani ya kuzunguka. Ikiwa HDD, dai ibadilishwe kabla hamjazungumza bei.

Izime, iwashe tena huku ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache. Kufuli hilo limewekwa na kampuni iliyokuwa na mashine, na kupiga Windows upya hakuliondoi.

Kibodi ichape yote. Zilizotoka Ujerumani zina Y na Z zimebadilishana nafasi, unaandika yai inatoka zai. Za Ufaransa zina A palipo Q. Stika zinasaidia lakini huchubuka, kwa hiyo hiyo ni sababu ya kuomba punguzo. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. T480 inachajiwa kwa USB-C, basi chaja iingie na kukaa imara. Ikilegea au ukilazimika kuishikilia kwa kidole ndipo ichaji, tundu limekwisha.

Risiti iwe ya EFD, na namba ya mashine iandikwe pamoja na muda wa waranti. Winga atakuambia bila risiti anakupunguzia elfu ishirini. Mwache nazo.

Dada sasa anatumia T480. Ile ya boksi bado ipo pale sebuleni, watoto wanaangalizia katuni za kwenye flashi.