Uzoefu wangu na HWiNFO: nilivyokipata kilichokuwa kinakwamisha madirisha manne ya EVE Online

Kwa takribani miaka miwili nimekuwa nikicheza EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa vyombo vya angani, kwa akaunti nne kwa wakati mmoja, kila moja kwenye dirisha lake, jambo ambalo kampuni ya CCP ya Iceland inaliruhusu ilimradi mchezaji asitumie programu ya kupeleka amri moja kwenye madirisha yote, iliyopigwa marufuku tangu Januari 1, 2015. Kompyuta yangu ina prosesa ya Core i5-9400F yenye viini sita, RAM ya GB 16 na kadi ya michoro ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GB 4. Madirisha matatu yalikwenda vizuri, lakini nikifungua la nne yote yalianza kusuasua, na kila nilipovuka kwenda mfumo mwingine wa nyota picha iliganda kwa sekunde kadhaa huku sauti ikiendelea. Fundi mmoja alinishauri ninunue prosesa mpya, tena bila hata kuiwasha kompyuta.

Kabla ya kutoa pesa nilipakua HWiNFO, programu inayopima joto na matumizi ya vifaa vya kompyuta, ambayo ni ya bure kwa matumizi binafsi. Orodha yake ya vipimo ni ndefu hadi inachosha macho, ila kwa kila kipimo inaandika thamani ya sasa, ya chini kabisa, ya juu kabisa na wastani, kwa hiyo mtu anaweza kucheza kwa utulivu na kukuta kilele kimehifadhiwa. Nilifungua dirisha mojamoja, nikifuta rekodi na kucheza robo saa kabla ya kuongeza jingine.

Matumizi ya jumla ya prosesa yalikuwa asilimia 61 ingawa kiini kimoja kiligusa 100 mara chache, na kwa sababu hiyo siku hizi siamini asilimia ya jumla peke yake. Joto lilikuwa la kawaida na RAM ilibaki ya kutosha. Kwenye kadi ya michoro ndiko mambo yalikoharibika: dirisha la nne lilipofunguka kumbukumbu yake ilijaa, na kipimo cha kumbukumbu inayoazimwa kutoka RAM, ambacho hadi hapo kilikuwa kimelala, kikapanda ghafla. Wakati huohuo kazi ya kadi ilishuka hadi asilimia 58, yaani ilikaa ikisubiri data ipite kwenye njia ya PCIe, inayoiunganisha kadi na sehemu nyingine za kompyuta, yenye uwezo wa karibu GB 16 kwa sekunde, ilhali kumbukumbu yake yenyewe husomwa kwa GB 128.

Nilishusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika sura ya vitu ndani ya mchezo) kwenye madirisha matatu ya nyuma na kuyawekea kikomo cha fremu 30 kwa sekunde kwenye paneli ya NVIDIA, na kuganda kukaisha siku hiyohiyo.

Kasoro niliyoiona ni kwamba HWiNFO haionyeshi kila dirisha la mchezo linakula kiasi gani. Ilinibidi nirudi kwenye Task Manager ya Windows na kuongeza safu ya kumbukumbu ya kadi kwa kila programu. Naipa nyota nne kati ya tano, na prosesa ni ileile.