Pikapu za haibridi: ipi inunuliwe kwanza, na ipi ni ya kazi maalumu

Kabla hujaangalia jina la gari, jiulize litatembea wapi. Haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, huokota nguvu unapopunguza mwendo, ikaiweka kwenye betri, kisha ikakurudishia unapoondoka. Faida yake iko kwenye foleni. Kwenye barabara kuu, mguu ukiwa umetulia kwenye mafuta saa tatu mfululizo, hakuna cha kuokota, na ukivuta tela ndiyo kabisa. Wengi wanaolalamika kwamba haibridi yao inakunywa mafuta wanaitumia kwa safari za namna hiyo.

1. Ford Maverick. Kwa mtu wa kwenda kazini siku tano na kubeba mzigo siku ya sita, sioni ya kuipita. Ilizinduliwa 2021 ikiwa na injini ya petroli ya lita 2.5 isiyo na tabo, pamoja na mota ya umeme. Jumla nguvu ya farasi 191. Kwa vipimo vya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ile inayovutwa na magurudumu ya mbele hutembea takribani kilomita 18 kwa lita mjini na 14 barabara kuu. Zitazame vizuri namba hizo: mjini ndiko inakobana mafuta zaidi, kinyume cha gari ulilozoea.

Kinachonifanya niiamini ni gia yake. Haina mkanda wala klachi za kubadilisha gia. Ndani kuna gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka ya kati) na mota mbili tu, mpangilio unaofanana na ule ambao Toyota Prius imeutumia tangu 1997, na teksi za Prius zimeshatuonyesha unavyodumu. Stata na altaneta za kawaida hazimo. Hata pedi za breki hukaa muda mrefu, kwa kuwa mota ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kupunguza mwendo.

Sasa mipaka yake. Uzito inaoruhusiwa kubeba ni kama kilo 680, na watu wamo humo humo. Mkipanda wanne wa kilo 80 kila mmoja, zimebaki kilo 360, yaani mifuko saba ya saruji ya kilo 50. Wa nane unauonea uti wa mgongo wa gari. Tela ni kilo 907 tu kwa matoleo ya mwanzo. Kuanzia modeli ya 2025 unaweza kupata haibridi yenye kuvuta kwa magurudumu manne, na kwa kifurushi maalumu inafika kilo 1,800 hivi. Ukinunua iliyotumika ya 2022, hakikisha namba ya chasi inaonyesha marekebisho yalifanyika: mwaka huo Ford iliyaita magari ya injini hiyo yarudishwe kurekebishwa, kwa hatari ya moto pale injini inapopasuka.

2. BYD Shark 6. Hii unaichaji ukutani. Betri yake ni ya kilowati-saa 29.6, na kwa WLTP, kipimo cha kimataifa cha majaribio ya magari, inatosha kilomita 80 hivi za umeme mtupu. Kama una pa kuchomeka kila usiku, unaweza kukaa wiki nzima bila kugusa petroli. Kama huna, iache, kwa maana hesabu ya BYD ya lita 2 kwa kilomita 100 inachukulia kwamba umeondoka na betri imejaa. Inavuta kilo 2,500. Ilizinduliwa 2024, kwa hiyo uimara wa miaka kumi bado haujaonekana kwa yeyote. Hicho tu ndicho kimeinyima nafasi ya kwanza.

3. Ford F-150 PowerBoost. Ni ya fundi. Toleo la umeme wa kilowati 7.2 linaendesha mashine ya kuchomelea ukiwa porini, na umeme ulipokatika Texas Februari 2021 wapo waliowashia nyumba zao kwa pikapu hii. Mafuta ni kama kilomita 10 kwa lita. Lakini ina tabo mbili na gia kumi, na mota imepachikwa humo humo kwenye gia. Vya kuharibika ni vingi.

4. Toyota Tundra na Tacoma i-FORCE MAX. Humu umeme umewekwa kwa ajili ya nguvu: farasi 437 kwa Tundra, 326 kwa Tacoma. Ukitaka kubana mafuta, pita.

5. Toyota Hilux ya volti 48. Mota yake ya kilowati 12 inaisaidia tu injini ya dizeli ya lita 2.8. Akiba ni ndogo, ila bado inabeba tani moja na kuvuta tani tatu na nusu. Kwa njia mbaya za mbali ningeichukua hii kabla ya Maverick.

Ukienda kukagua iliyotumika, inua kiti cha nyuma. Kama betri inapozwa kwa hewa, utaona tundu lenye chujio. Likiwa limejaa vumbi na manyoya ya mbwa, betri imekuwa ikichemka kimya kimya.

Na uliza umri wa betri ndogo ya volti 12. Asubuhi moja haibridi yangu iligoma kabisa, haikutoa hata mlio. Nikajua betri kubwa imekufa, nikakosa usingizi siku mbili nikiwaza gharama. Fundi alikuja na kipimo, akagusa betri ndogo, akasoma volti 9. Betri kubwa ilikuwa imejaa chaji muda wote. Haikuwa na wa kuiwashia swichi.